Kalemie: Kumpita mwenzako si kosa, kumnyima nafasi ndilo kosa

Jioni mjini Kalemie, jua linapoanza kuzama nyuma ya vilima na ziwa kubadilika rangi, wamotari hukusanyika kwenye parkingi zao kando ya avenyu Lumumba kungojea abiria wa mwisho wa siku. Mmoja akiwa na mega kwenye simu, wengine humzunguka. Kinachotazamwa si mpira wa miguu tu. Siku hizi kuna vipande vifupi vya mbio za magari na za pikipiki: mmoja anamfuata mwenzake kwa karibu, kona inafika, wanaingia wote wawili, mmoja anatoka akiwa mbele na mwingine anatupwa nje ya njia, kwenye kokoto.

Hapo mzozo huanza. Wako wanaosema aliyepita ni mwanaume, kwani mwenye mbio ndiye mwenye njia. Wako wanaosema amemsukuma mwenzake, na ushindi wa namna hiyo ni wizi. Sauti zinapanda. Kisha anafika abiria, mzozo unakatika, na mmoja wa waliokuwa wakibishana anapiga kiki na kuondoka na mama mwenye mtoto mgongoni.

Ndiyo maana mzozo ule si upuuzi. Anayeamini kwamba mwenye mbio ndiye mwenye njia haiachi imani hiyo kwenye simu. Anaipeleka barabarani, na mama yule amekaa nyuma yake.

Swali lenyewe ni hili: ni wakati gani kumpita mwenzako katika mbio ni haki, na ni wakati gani ni uonevu? Jibu lipo, na si gumu kama watu wanavyodhani. Kupita kwa haki kunajulikana kwa kile unachomwachia yule unayempita. Anayepita ana ruhusa ya kupigania nafasi kwa nguvu zake zote. Hana ruhusa ya kumwondoa mwenzake njiani. Na sheria hiyo, bila adhabu inayozidi faida ya kosa, inabaki kuwa shauri tu.

Vumbi la Safari

Tuanzie kwa majirani. Mwaka 1953 zilianzishwa Afrika Mashariki mbio zilizoitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza. Zilipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, yaani nchi ya ng'ambo ya ziwa, siyo jimbo hili. Baadaye zikajulikana duniani kote kwa jina la Safari Rally. Joginder Singh wa Kenya alizishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, naye wa Kenya, alizishinda mara tano. Zilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, zikarudi mwaka 2021, na sasa makao yake ni Naivasha.

Katika miaka ile ya zamani barabara hazikufungwa. Gari la mbio lilikutana na lori la mizigo, basi la abiria, baiskeli na ng'ombe. Na juu ya yote kulikuwa na vumbi. Mtu aliyewahi kufuata lori wakati wa kiangazi kwenye barabara ya kwenda Nyunzu au Bendera anajua vumbi lile ni nini: huoni mbele, na aliye mbele hakuoni nyuma.

Madereva wa Safari walifanya nini? Walifunga taa juu ya mabawa ya mbele ya gari, mahali ambapo aliye mbele angeweza kuziona katika kioo chake hata katikati ya vumbi. Zile taa ambazo watu huziona kwenye picha za zamani na kuzidhania pambo, kazi yake ilikuwa kusema: niko hapa, naomba njia. Kabla ya kupita, jitambulishe. Huo ndio msingi wa kwanza wa kupita kwa haki, na ulijulikana huku kwetu Afrika kabla televisheni haijafika katika nyumba nyingi.

Leo katika mbio za namna hiyo barabara hufungwa, na magari hutolewa moja moja kwa kupishana dakika. Vumbi likiwa jingi, waandalizi wanaweza kuongeza muda kati ya gari na gari. Gari lililofikiwa na la nyuma linapaswa kuachia njia, na aliyezuiliwa isivyo haki anaweza kupewa na waamuzi saa inayomstahili. Maana yake, hata aliye mbele ana wajibu. Kuwa mbele si kumiliki barabara.

Nafasi ya gari moja

Katika Formula 1 mambo ni tofauti, kwa sababu magari hukimbia pamoja, ubavu kwa ubavu. Hapo kupita ndio moyo wa mchezo. Mbio ambazo hakuna anayempita mwenzake ni msafara wa harusi.

Sheria za shirikisho la dunia la mchezo wa magari, FIA, zinampa aliye mbele haki ya kujilinda. Anaweza kubadilisha njia mara moja ili kumzuia wa nyuma. Mara moja tu. Akiyumba kuume na kushoto kama nyoka, ni kosa. Na kama alitoka kwenye mstari wake wa kawaida kujilinda, kisha anataka kuurudia kabla ya kona, lazima abakize kati yake na ukingo wa barabara nafasi inayotosha gari moja.

Maneno hayo, nafasi ya gari moja, yanastahili kuandikwa kwenye kila parkingi ya Kalemie. Hayasemi umpe mwenzako ushindi, wala upunguze mwendo kumwonea huruma. Yanasema umwachie mahali pa kuwa. Akishindwa kupita hapo, ni shauri lake. Akipita, amekushinda kwa haki.

Anayeingia kwa ndani ya kona naye ana masharti. Miongozo ambayo FIA imewaandikia waamuzi miaka hii inataka magurudumu yake ya mbele yawe yamefika angalau sambamba na kioo cha mwenzake kabla ya kilele cha kona na kilele kinapofikiwa. Tena awe anaimudu gari yake, na abaki ndani ya mipaka ya barabara. Kwa lugha ya mtaani: usijitupe kutoka mbali ukitegemea mwenzako ataogopa na kukupisha. Ukichelewa kufika, kona si yako.

Mfano mzuri wa haki ulitokea Spa, Ubelgiji, tarehe 27 Agosti 2000. Mika Häkkinen wa Finland alikuwa akimfukuza Michael Schumacher wa Ujerumani. Zikiwa zimebaki duru chache, alijaribu kumpita kwenye mstari mrefu wa kupanda mlima. Schumacher alimbana hadi magari yakakaribia kabisa kugongana, kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 300 kwa saa. Häkkinen hakulipiza. Alirudi nyuma, akasubiri duru moja. Katika duru iliyofuata walimkuta njiani Ricardo Zonta, aliyekuwa nyuma yao kwa duru nzima. Schumacher akampita Zonta upande mmoja, Häkkinen akampita upande wa pili, na walipofika konani Häkkinen alikuwa mbele. Hakuna aliyeguswa. Akashinda.

Baada ya mbio, Häkkinen alimwendea Schumacher na kumweleza kwa mikono, bila kelele, kile alichomfanyia kule juu. Huyo ndiye mpitaji wa haki. Alikuwa na uwezo wa kupigana, akachagua kufikiri.

Kosa lisiloadhibiwa huzaa lingine

Historia ya upande wa pili ni ndefu, na ina funzo kubwa kuliko ile ya wema.

Mwaka 1989, Suzuka nchini Japani, Ayrton Senna wa Brazili na Alain Prost wa Ufaransa walikuwa katika timu moja, McLaren, wakigombania ubingwa. Senna akajaribu kumpita Prost kwa ndani, Prost akafunga, magari yakakwama pamoja. Prost akatoka garini. Senna akasukumwa, akaendelea, akafika wa kwanza, kisha akafutwa kwa kuwa alirudi barabarani bila kuipita sehemu ile ya kona. Prost akawa bingwa. Hadi leo watu hawakubaliani nani alikuwa na kosa.

Mwaka uliofuata, 1990, uwanja uleule, watu walewale, sasa Prost akiwa Ferrari. Safari hii hesabu ilimpendelea Senna: wote wawili wakishindwa kumaliza, yeye ndiye bingwa. Katika kona ya kwanza kabisa Senna hakupunguza. Akamgonga Prost, wote wakatoka nje katika vumbi, na ubingwa ukaenda kwa Senna. Mwaka 1991 alikiri hadharani kwamba alikuwa amekusudia kutompisha. Ubingwa haukuguswa.

Mwaka 1994, Adelaide nchini Australia, Schumacher aliongoza kwa pointi moja mbele ya Damon Hill wa Uingereza. Akakosea, akagusa ukuta, akarudi barabarani na gari lenye shaka. Hill akaingia kwa ndani kumpita, Schumacher akageukia upande huo, wakagongana. Wote wakaachia mbio. Waamuzi wakasema ni ajali ya mchezo. Schumacher akawa bingwa kwa pointi 92 dhidi ya 91. Wako wanaomtetea hadi leo, wakisema hakumwona.

Mwaka 1997, Jerez nchini Hispania, Schumacher tena aliongoza kwa pointi moja, sasa mbele ya Jacques Villeneuve wa Kanada. Katika duru ya 48 Villeneuve akaingia kwa ndani. Schumacher akamgeuzia usukani na kumpiga ubavuni. Lakini gari la Villeneuve halikuvunjika. Aliyekwama kwenye kokoto alikuwa Schumacher. Villeneuve alimaliza wa tatu, akawa bingwa. Siku ileile waamuzi wa uwanjani walisema ni tukio la kawaida. Wiki chache baadaye FIA ilikataa: ilimfuta Schumacher katika msimamo wote wa mwaka ule.

Mtu akizitazama Suzuka, Adelaide na Jerez kwa pamoja, ataona mlolongo. Si lazima kusema dereva mmoja alimfundisha mwingine. Inatosha kusema kwamba kila dereva kijana alikuwa akitazama na kuhesabu. Alijifunza kwamba kumgonga mwenzako siku ya mwisho kunaweza kukupa ubingwa, na hakuna wa kukuuliza. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Wakuu wa mchezo waliogopa kumkasirisha bingwa mwaka 1990. Miaka saba baadaye walilazimika kumwadhibu bingwa mwingine mbele ya dunia nzima.

Adhabu au bei?

Kuna shida ya pili: adhabu ambayo ni ndogo kuliko faida.

Tarehe 18 Julai 2021, Silverstone nchini Uingereza, Lewis Hamilton na Max Verstappen waliingia pamoja kwenye kona ya kasi iitwayo Copse, katika duru ya kwanza. Gurudumu likagusa gurudumu. Verstappen akarushwa kwenye ukuta wa matairi na kupelekwa hospitali kupimwa. Waamuzi walisema sehemu kubwa ya kosa ni ya Hamilton, wakampa adhabu ya sekunde 10. Akazitumikia, akawafukuza waliokuwa mbele, akampita Charles Leclerc zikiwa zimebaki duru chache, akashinda mbio.

Watetezi wa waamuzi wana hoja, na ni haki kuisikiliza. Wanasema mwamuzi hupima kosa, hapimi matokeo yake. Mtu aliyekosea kidogo asihukumiwe kama muuaji kwa sababu tu mwenzake alipata bahati mbaya. Na sekunde 10 ni nyingi, angekuwa dereva mwingine asingeshinda.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inaacha jambo moja nje. Mpinzani wa Hamilton katika ubingwa aliondoka bila pointi katika mbio zile, naye akaondoka na ushindi. Adhabu ambayo mtu anaweza kuilipa na bado akabaki na faida haiitwi tena adhabu. Inaitwa bei. Na mwenye nacho hununua.

FIA yenyewe inalijua hilo. Tangu mwaka 2014 kila dereva hubeba pointi za makosa, na akifikisha 12 katika miezi 12 hukosa mbio moja. Wa kwanza kufungiwa kwa njia hiyo alikuwa Kevin Magnussen wa Denmark, baada ya mbio za Monza za Septemba 2024. Alimgusa Pierre Gasly wa Ufaransa. Gasly mwenyewe alisema kosa lile halikustahili kumfikisha huko. Hata hivyo Magnussen alikaa pembeni, na mbio za Azerbaijan zikakimbizwa bila yeye. Huenda kosa la mwisho lilikuwa dogo. Lakini 12 hazikujazwa siku moja. Kibuyu hujaa tone kwa tone.

Tofauti ya adhabu hii na ile ya sekunde ni kubwa. Sekunde unaweza kuzirudisha kwa kukimbia zaidi. Siku ambayo hukuruhusiwa kukimbia hairudi.

Magurudumu mawili

Kwa vile wasomaji wengi wa Kalemie wanajua moto kuliko gari, kisa kimoja cha pikipiki hakiwezi kuachwa.

Tarehe 25 Oktoba 2015, Sepang nchini Malaysia, Valentino Rossi wa Italia alikuwa akigombania ubingwa wa MotoGP na mwenzake wa timu, Jorge Lorenzo wa Hispania. Lakini aliyemsumbua siku ile alikuwa Marc Márquez, Mhispania mwingine, ambaye hakuwa tena na ubingwa wa kugombania. Walipitana mara nyingi kwa muda mfupi sana. Mwishowe Rossi akatoka na kona kwa upana, akamsukumia Márquez nje, akapunguza na kumtazama. Wakagusana. Márquez akaanguka.

Waamuzi walisema mambo mawili. Kwanza, Rossi alikusudia kumtoa mwenzake nje. Pili, Márquez naye alikuwa akimsumbua makusudi, lakini hakuna sheria iliyoandikwa aliyoivunja. Rossi akapewa pointi tatu za kosa. Zikijumlishwa na aliyokuwa nayo, akalazimika kuanza mbio za mwisho, Valencia, nyuma ya wote. Alipanda hadi nafasi ya nne. Lorenzo akachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi tano.

Mashabiki wa Rossi bado wana uchungu, na uchungu wao unaeleweka. Mtu akichokozwa na mwenye lengo la kumchokoza, inauma. Lakini kama kila aliyechokozwa angeruhusiwa kumwangusha mchokozi, barabara ingebaki na wangapi? Kuchokozwa hueleza kosa, hakulifuti. Hilo pia ni funzo la parkingi. Mara ngapi ajali huanza kwa sababu motari mmoja alipitwa akiwa amebeba msichana, akaona haya, akaongeza mwendo ili asipitwe?

Anayepitwa ana wajibu wake: ashike njia yake, asiongeze kasi, asimfungie. Heshima haipotei kwa kupitwa. Inapotea kwa kumwangusha mtu.

Kalemie si uwanja wa mbio

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapouma.

Katika uwanja wa mbio, kila aliye kwenye njia amechagua kuwa pale. Amevaa kofia na nguo za kuzuia moto, gari linamlinda, na daktari anasubiri dakika chache kutoka hapo. Abiria wa moto mjini Kalemie hakuchagua mbio. Amechagua kufika sokoni, bandarini au hospitalini. Mara nyingi hana kofia. Kando ya barabara wako watoto wanaotoka shuleni na mama waliobeba ndagala kichwani. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia, na nyasi za Kalemie ni watu.

Kuna na shida ambayo madereva wa Formula 1 hawaijui. Kongo huendesha kuume, Tanzania huendesha kushoto, na magari mengi yanayofika mashariki ya nchi yana usukani kuume. Dereva wa gari la namna hiyo amekaa upande wa ukingo. Akitaka kulipita lori, haoni kinachokuja mpaka gari lake karibu lote limetoka katikati ya barabara, au mpaka yule aliyekaa kushoto kwake amwambie njia ni nyeupe. Anapita kwa macho ya mtu mwingine. Dereva kama huyo anahitaji subira mara mbili, na wanaomzunguka wanahitaji kulijua hilo.

Sheria ya nchi ipo. Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 ndiyo inayotawala mwendo barabarani, na inasema kupita hufanywa kushoto. Lakini kila siku moto hupita kuume, kati ya gari na mtaro, wakati uleule abiria wa gari anapofungua mlango ashuke. Kila siku mtu hupita kwenye kona na mwanzoni mwa daraja. Siyo kwamba hawajui. Wengi wanajua. Wanajua pia kwamba kosa likikamatwa huweza kuisha papo hapo kwa franka chache, na safari ikaendelea. Hiyo ndiyo Silverstone ya kila siku: bei, siyo adhabu.

Kisha kuna jeep kubwa zenye vioo vyeusi ambazo hazingojei mtu. Zinapiga honi, wote wanaruka kwenye majani. Katika mbio, bingwa wa dunia na dereva aliyeanza juzi wanasomewa sheria moja. Jerez ilionyesha kwamba hata jina kubwa kuliko yote linaweza kufutwa. Hapa, motari akiona mkubwa anapita anavyotaka bila kuulizwa, atawezaje kuamini kwamba sheria ni sheria? Atasema sheria ni ya wanyonge, na atatafuta mnyonge kuliko yeye amfanyie vilevile. Huyo mnyonge ni mwenye baiskeli, na baada yake ni mtembea kwa miguu.

Wako watakaosema motari hana muda wa haki. Anadaiwa fedha ya kila siku na mwenye moto, mafuta ni ghali, abiria ni wachache, na anayefika wa kwanza ndiye anayekula. Ni kweli. Lakini hesabu haiishii hapo. Moto ikilala gereji wiki moja kwa sababu ya kupita vibaya, deni la mwenye moto halilali. Na mguu ukivunjika, hakuna wa kuulipia.

Serikali na polisi wana kazi yao, na wakaaji wana haki ya kuidai. Lakini wamotari wenyewe hawana haja ya kungoja. Kila parkingi ina viongozi wake. Wanaweza kukaa jioni moja na kukubaliana mambo manne, machache yanayokaa kichwani:

Kwanza, hakuna kupita kwenye kona, darajani wala mbele ya shule. Pili, kabla ya kupita, jitambulishe kwa honi au kwa taa, kama walivyofanya madereva wa Safari katika vumbi. Tatu, mwachie unayempita nafasi ya moto nzima, na umpite kushoto. Nne, ukipitwa, usiongeze mwendo.

Na adhabu? Isiwe fedha, kwa sababu fedha hugeuka bei, na mara nyingine hugeuka chanzo cha wizi mwingine. Iwe siku. Aliyevunja akae parkingi siku moja bila kubeba abiria, moto ikiwa imesimama mbele ya wenzake. Akirudia, siku tatu. Na kiongozi wa parkingi akivunja, akae pia, tena yeye wa kwanza. Bila hilo la mwisho, mengine yote ni maneno ya upepo.

Itauma. Siku bila mapato ni siku bila unga nyumbani, na kwa hiyo haifai kutolewa ovyo ovyo wala kwa chuki. Asikilizwe aliyeshitakiwa, waulizwe walioona, na abiria aulizwe kwanza, maana yeye ndiye aliyekuwa hatarini. Lakini kulegea kuna gharama yake pia, na gharama hiyo hailipwi na aliyekosea peke yake. Mara nyingi hulipwa na aliyekaa nyuma.

Kesho jioni simu itawashwa tena kando ya avenyu Lumumba, na kipande kingine kitatazamwa. Vijana wabishane, mchezo ni wa kubishaniwa. Ila kabla ya kusema aliyepita ni mwanaume, watazame kwanza aliyepitwa: bado yuko barabarani, au yuko kwenye kokoto? Kama bado yupo njiani na anaendelea kufukuza, hapo ndipo pa kupiga makofi.